Kushona Mavazi ya Tamthilia ya Muziki Shuleni: Kanzu, Leso na Kaniki za Jukwaani

Nguo ya Idi na nguo ya jukwaani zinaweza kukatwa kwa mkasi mmoja na kushonwa kwa cherehani kimoja, lakini hazina kazi moja. Nguo ya Idi hutazamwa kwa karibu na watu wanaoshika pindo na kuuliza kitambaa kimenunuliwa wapi. Nguo ya jukwaani hutazamwa kutoka umbali wa mita 10 au zaidi, huvaliwa na kijana anayeruka na kuimba kwa pumzi zake zote, huvuliwa gizani nyuma ya pazia kabla ubeti mmoja haujamalizika, na mwaka unaofuata huvaliwa na kijana mwingine mwenye mabega tofauti. Fundi hodari wa mtaani akiishona kama alivyozoea, yaani kwa kuibana mwilini na kupunguza kitambaa cha ziada ndani ya mshono, itapendeza siku ya kujaribiwa na kupasuka siku ya onyesho.

Mfano nitakaoutumia ni tamthilia iliyotungwa na wanafunzi wa sekondari hapa Mombasa kuhusu familia ya hamali mmoja wakati wa kujengwa kwa reli, kazi iliyoanza mjini humu mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Onyesho la mwisho linaruka hadi siku zetu, kwenye stesheni ya Miritini, ambako reli mpya ya kwenda Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017. Waigizaji walikuwa 26 na nguo zilizohitajika 41. Vyerehani vilikuwa vitatu, kimoja cha umeme na viwili vya kukanyaga kwa miguu, na washonaji tulikuwa walimu wawili pamoja na wanafunzi sita wa sayansikimu ambao kabla ya hapo walikuwa wameshona aproni tu.

Daftari kabla ya mkasi

Kazi huanza kwa kusoma mchezo wote, si kwa kwenda dukani. Chukua daftari kubwa, uandike majina ya waigizaji upande wa kushoto na maonyesho juu, kisha katika kila kisanduku uandike mhusika anavaa nini, anatoka jukwaani wapi, na ana muda gani kabla ya kurudi. Habari hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Katika mchezo wetu iligundulika kwamba msichana aliyeimba sehemu ya mama alikuwa na sekunde 40 za kutoka kwenye kaniki ya msiba na kuingia katika leso (kanga) ya harusi, na hilo liliamua jinsi nguo zote mbili zitakavyofungwa kabla hatujagusa kitambaa. Daftari pia litakuonyesha nguo ambazo hazihitaji kushonwa kabisa. Kati ya zile 41, tulishona 23 tu. Nyingine zilitoka kabatini mwa wazazi au kwenye mitumba ya soko la Kongowea.

Hapa ndipo pa kupigania muda. Mwalimu wa muziki atakuambia wiki tatu zinatosha, nawe ukikubali utakuwa unapinda mapindo usiku wa kuamkia onyesho. Wiki sita ni kipimo cha haki: moja ya daftari na vipimo, moja ya kununua na kufua vitambaa, tatu za kukata na kushona, na moja ya mazoezi yenye mavazi kamili, ambayo ndani yake mtarekebisha yaliyoharibika. Wakati huo wote wachezaji wafanye mazoezi wakiwa wamejifunga shuka au kikoi kuukuu chenye urefu sawa na nguo watakayovaa, kwa sababu kijana aliyezoea kucheza kwa kaptura ya michezo hujikwaa mara ya kwanza anapovaa kanzu.

Vitambaa

Hadithi ya miaka ya 1890 katika pwani hii inavaa merikani na kaniki. Merikani ni pamba isiyopaushwa, na jina lake lenyewe linataja asili yake: ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts, na mwaka wa 1833 nchi hiyo ikatiliana na Sultani Seyyid Said mkataba wa biashara. Kwa mshonaji wa leo kitambaa hiki kina faida mbili kwa bei moja. Kinawafaa mahamali na mabaharia jinsi kilivyo, na pia ndicho kitambaa bora cha kufanyia majaribio: shona kwanza kanzu moja ya merikani kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, mvishe mwigizaji mwenye umbo la wastani, mwache acheze wimbo mzima, kisha ifumue na utumie vipande hivyo kama vigezo vya kukatia nyingine.

Kaniki inahitaji tahadhari. Ni nyeusi yenye kukaribia buluu, na rangi yake hutoka. Mwaka wa kwanza sikuifua. Baada ya mazoezi ya nusu saa tu jasho lilikuwa limehamisha rangi hadi kwenye kanzu nyeupe za wavulana waliowakumbatia wenzao katika wimbo wa kuagana, na kanzu tatu zikabaki na viganja vya buluu mgongoni. Tangu hapo kila kitambaa cheusi, chekundu au cha buluu hufuliwa kwa maji baridi mara nyingi iwezekanavyo, mpaka maji yawe meupe, kisha hupigwa pasi kikiwa na unyevu kikiwa kimelazwa juu ya kitambaa cheupe kisicho na thamani. Rangi ikionekana hapo, fua tena. Wengi husema chumvi au siki huishikisha rangi. Nimejaribu zote mbili na sikuona tofauti yoyote.

Kufua kabla ya kukata kuna sababu nyingine, nayo ni kwamba pamba hunywea. Kanzu iliyokatwa kwa kitambaa kibichi ikafika kwenye kifundo cha mguu itakuwa imepanda baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na nguo za jukwaani hufuliwa sana. Tetroni, kitambaa kilekile cha mashati ya shule, hainywei kiasi hicho na haikunjamani upesi, kwa hiyo kanzu za wavulana wanaocheza zaidi tulizishona kwa tetroni na za wazee wanaoketi kwa bafta, pamba nyeupe nyepesi.

Mitumbani usitafute nguo, tafuta kitambaa. Pazia la mahameli lenye doa upande mmoja ni joho la liwali, shuka la kitanda ni kanzu moja na vilemba viwili, na kizibao cha suti kuukuu kikiondolewa vifungo na kushonewa kigwe cha dhahabu pembezoni kinamfaa tajiri yeyote wa karne ya 19 akitazamwa kutoka safu ya tatu.

Vipimo

Mpime kila mwigizaji akiwa amevaa fulana, mikono ikiwa imelegea, na usikubali vipimo alivyojiandikia mwenyewe. Unahitaji kifua, kiuno, nyonga, urefu kutoka bega hadi kifundo cha mguu, na urefu kutoka katikati ya shingo nyuma hadi kwenye kiwiko na hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa wanaocheza ongeza kipimo ambacho mafundi wengi hawakichukui: mzungushe futi kutoka begani, ipite mbele, katikati ya miguu, na irudi begani kwa nyuma, mara ya kwanza akiwa amesimama na mara ya pili akiwa amechuchumaa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo nafasi ambayo suruali na fulana iliyoshonwa pamoja lazima iwe nayo, na mara nyingi huzidi sentimita 6.

Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike, kando ya wenzao. Anayevaa mtandio aulizwe mapema, ili stara ya kichwa chake ikatwe kwa kitambaa cha vazi lenyewe, isije ikawa mtandio wa shule uliobandikwa juu ya mavazi ya mwaka wa 1898.

Vijana wa umri huu hurefuka ukiwatazama. Kwa hiyo acha sentimita 3 za akiba katika mishono ya ubavuni na ya katikati ya mgongo, sentimita 1.5 kwingineko, na pindo la sentimita 8. Fundi wa kawaida ataona huo ni upotevu wa kitambaa. Ukweli ni kwamba akiba hiyo ndiyo inayoifanya nguo moja iwatumikie waigizaji wanne katika miaka minne.

Kanzu, na siri ya kikwapa

Sehemu hii nitaieleza polepole, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Jaribio letu la kwanza la kanzu lilikatwa kama shati la kisasa, mkono wa mviringo ukiingia katika tundu la mviringo. Mvulana aliponyanyua mikono kuimba kiitikio, kanzu yote ilipanda hadi katikati ya mashavu ya miguu, na wote kumi na wawili waliponyanyua pamoja jukwaa likawa kama watu wanaovuka mto. Mzee mmoja fundi wa kanzu, niliyemwendea nikiwa nimeibeba nguo hiyo mkononi, aliigeuza ndani nje, akaigusa chini ya mkono na kusema, "Mwalimu, umemnyima kikwapa."

Kanzu ya kale haikuwa na mviringo wowote isipokuwa shingoni. Ilijengwa kwa vipande vilivyonyooka: badani mbele na nyuma, taharizi za kuipanua ubavuni, mikono miwili kama vibao, na chini ya kila mkono kipande kidogo cha mraba kinachoitwa kikwapa. Kwa jukwaa unaweza kukata badani na taharizi kwa pamoja ili kupunguza mishono, lakini kikwapa usikiache. Mraba huo ndio unaouruhusu mkono uende juu bila kuivuta nguo nzima.

Chukulia mvulana mwenye kifua cha sentimita 86 na urefu wa sentimita 140 kutoka bega hadi kifundo cha mguu. Kunja kitambaa kwa upana, ili mkunjo uwe kwenye mabega na kusiwe na mshono hapo. Chora badani yenye upana wa sentimita 50 juu, ukiupanua taratibu kutoka kwapani hadi sentimita 68 kwenye pindo, kisha ongeza akiba uliyoamua. Kila mkono uwe na upana wa sentimita 47 na urefu wa sentimita 60 pamoja na akiba. Vikwapa viwili viwe miraba ya sentimita 14. Ukipanga vizuri, mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hutoa kanzu mbili, na vikwapa hupatikana kwenye masalio. Shingo ikate mwisho kabisa, yenye upana wa sentimita 16, kina cha sentimita 8 mbele na 2 nyuma, na mpasuko wa mbele wa sentimita 35. Mpasuko huo ni mrefu kuliko wa kanzu ya msikitini, lakini ndio unaokiwezesha kichwa chenye kofia na rangi za usoni kupita bila kuacha alama. Kaba, yaani kitambaa cha kuimarisha shingo, na lisani, kile cha kwenye mpasuko, zishonwe kama kawaida, isipokuwa kwamba nakshi ya shingoni usiidarizi. Shona kigwe chepesi chenye upana wa sentimita 1, na kutoka mbali kitasomeka kuwa darizi nzuri kuliko darizi yenyewe, ambayo mtazamaji hataiona.

Sasa kikwapa. Tandaza kanzu ikiwa haijafungwa ubavuni. Weka katikati ya mkono kwenye mkunjo wa bega, shona mkono kwenye badani kwa mstari ulionyooka, lakini anza na kuishia sentimita 1 kabla ya ukingo wa mkono kila upande, urudishe mshono nyuma kidogo ili usifumuke. Punguza akiba ya ubavuni iwe sentimita 1 katika eneo la kikwapa peke yake, yaani kama sentimita 15 za juu. Utaona kwamba chini ya mkono pana pembe mbili, moja mbele na moja nyuma, ambapo ukingo wa mkono unakutana na ukingo wa badani. Kona moja ya mraba inaingia katika pembe ya mbele, na kona inayoielekea inaingia katika pembe ya nyuma. Kona mbili zilizobaki, moja itaelekea kwenye kiganja na nyingine itaelekea chini ubavuni.

Piga bandi kwanza, wala usione aibu kufanya hivyo. Kisha shona upande mmoja wa mraba kwenye ukingo wa mkono, ukianzia pale pembeni na kuishia sentimita 1 kabla ya kona ya pili. Ukirudi pembeni, usizungushe kitambaa huku cherehani kinakwenda: iteremshe sindano iingie ndani ya kitambaa, inua kikanyagio, geuza kazi yako, uteremshe kikanyagio, ndipo uendelee kwenye ukingo wa badani. Fanya hivyo pia upande wa nyuma. Baada ya hapo kunja kanzu na ushone mshono mmoja mrefu kutoka kwenye kiganja hadi kwenye kona ya kikwapa, simama, kisha anza tena kutoka kona ya chini hadi kwenye pindo. Kosa linalojirudia kwa wanafunzi ni kupitisha mshono sentimita moja zaidi ya kona, na matokeo yake ni mkunjo mgumu unaomkata mvaaji kwapani. Ukiuona, fumua mishono mitatu au minne tu, si kikwapa chote.

Pima kazi yako kwa macho: mvaaji anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa. Pindo likipanda zaidi ya upana wa vidole vinne, kikwapa ni kidogo, nawe uongeze sentimita 2. Tulipovitia vikwapa kanzu zile kumi na mbili, wavulana wale walipandisha mikono na mapindo yakabaki yalipokuwa.

Jambo moja zaidi kuhusu kanzu nyeupe. Taa ikiwaka nyuma ya mvaaji, kitambaa chepesi huonyesha kila kitu. Wazee walivaa kikoi ndani ya kanzu, na hakuna sababu ya kuiacha desturi hiyo jukwaani.

Leso isiyosema

Leso haishonwi, na mwenye akili haikati. Kila upande, yaani leso moja kati ya jozi, una sentimita 150 kwa 110 hivi, una pindo lake, mji wake (mchoro wa katikati) na jina lake (maandishi yake), na ukiupunguza umeuua. Kazi ya mshonaji ni kuufanya ukae mwilini kwa nyimbo tatu bila kuteremka. Shona ndani ya ukingo wa juu utepe wa pamba wenye urefu unaozidi kiuno kwa sentimita 60, mvaaji aufunge kwanza, kisha aukunje ukingo wa leso juu yake kama kawaida. Mtazamaji ataona leso iliyofungwa kwa mkono, na msichana ataweza kucheza miondoko yote ya chakacha bila kuishikilia.

Jina ndilo lenye mitego. Watazamaji wa pwani husoma leso kabla ya kusikiliza wimbo. Mama aliyefiwa akiingia na leso ya kumsimanga mke mwenza, ukumbi utacheka, na mwigizaji hatajua kosa lake ni nini. Zaidi ya hayo, katika mchezo wa miaka ya 1890 jina lolote la herufi za Kirumi ni kosa la kihistoria, kwa sababu maandishi yalikuja kwenye leso baadaye, na hata yalipoanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Suluhisho letu lilikuwa kukunja ndani sehemu yenye jina na kuishikisha kwa mishono mirefu ya mkono, ambayo hufumuliwa baada ya onyesho na leso kurudishwa kwa mwenyewe ikiwa nzima. Mwenye muda anaweza kufanya vizuri zaidi: wanawake wa zamani walinunua leso ndogo za mraba, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, kupata vazi moja. Vitambaa sita vya mkononi vikubwa, vya rangi kali, vikishonwa hivyo vinatoa vazi la enzi hiyo ambalo hakuna atakayekuja nalo kwenye tamasha.

Buibui nalo liangaliwe. Lilienea katika miji ya pwani mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo halina nafasi katika mchezo wetu. Katika mchezo wa miaka ya 1930 lina nafasi, lakini likiwa lile la zamani, kitambaa kipana cheusi kilichofungwa kichwani, si joho la mikono linalovaliwa leo.

Sketi za onyesho la mwisho

Kwa wasichana wa stesheni tulitumia kitenge, na hapo hesabu ilituokoa. Sketi ya mviringo kamili hupendeza ikizunguka: gawanya mzunguko wa kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha tundu la kiuno, ambacho kwa kiuno cha sentimita 70 ni takribani 11, kisha ongeza urefu wa sentimita 60 na 2 za pindo, jumla 73. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita moja na nusu inatosha sketi nzima. Lakini kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo itabidi ukate nusu duara mbili zitakazokula karibu mita 3, na kipande cha yadi 6 kitatoa sketi moja na masalio yasiyofaa. Sketi ya marinda ya kuvuta, yadi 2 kwa kila msichana, inatoa sketi tatu kutoka kipande kilekile, na ukiikata urefu wa sentimita 68 pamoja na pindo unabakiwa na ukanda wa zaidi ya sentimita 45 kwa vilemba na mikanda. Tukachagua marinda. Mwenye kushikilia mviringo aitundike sketi usiku mzima kabla ya kupinda, kwa maana kitambaa kilichokatwa mshazari hurefuka upande mmoja.

Kiunoni tia mpira wa upana wa sentimita 3, si zipu. Zipu hukwama gizani.

Kubadili nguo

Turudi kwa yule mama wa sekunde 40. Hakuvua chochote. Leso ya harusi aliivaa chini tangu mwanzo, na kaniki ikawekwa juu, ikashikwa begani kwa kifungo kimoja kikubwa cha kubana na kiunoni kwa kulabu mbili. Msaidizi mmoja alivuta kwa nyuma, kaniki ikadondoka, naye akarudi jukwaani kabla ubeti haujaisha. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba anayevua si mvaaji bali msaidizi, kwa hiyo vifungo viwe mahali ambapo msaidizi anafika, yaani mgongoni au begani, na viwe vikubwa vya kushikika na vidole vyenye jasho. Utepe wa kunata unaofunguka kwa kuchanika ni mwepesi kuutumia, lakini una kelele. Tumeusikia hadi safu ya nyuma wakati wa dua ya msiba, na hatujautumia tena isipokuwa chini ya ngoma.

Mwanga na uchakavu

Mara nyingi michezo ya shule huonyeshwa mchana, madirisha yakiwa wazi, na rangi hubaki kama ulivyozinunua. Ukumbi ukiwa na taa za rangi, mambo hubadilika: chini ya taa nyekundu kitambaa cha kijani huwa karibu cheusi, na chini ya taa ya buluu nyekundu hufa. Peleka kipande cha kila kitambaa ukakitazame chini ya taa zenyewe. Nyeupe tupu humeza sura ya mwigizaji kwa kung'aa. Ichovye katika chai ya rangi iliyochemshwa vizuri, majani vijiko vinne vikubwa kwa lita 5 za maji, kwa dakika 20, usuuze na uanike kivulini. Itatoka rangi ya pembe ya ndovu, na juu ya jukwaa itaonekana nyeupe kuliko nyeupe.

Nguo ya hamali haiwezi kuwa mpya. Isugue kwa msasa magotini, kwenye mapindo na mahali ambapo gunia hukaa begani, si kila mahali, kwa maana nguo huchakaa kwa kazi na kazi ina mahali pake. Kiraka kishonwe juu ya kitambaa kizima, tundu lisikatwe. Watoto hufurahia sana kazi hii na hawajui kuacha, kwa hiyo mmoja wenu asimame na saa.

Kofia usijaribu kuishona. Kofia ya viua humchukua mshonaji wiki nyingi, na kwa umbali wa mita 10 kofia ya bafta iliyochorwa viua kwa kalamu ya wino wa nguo haitofautishwi nayo.

Mazoezi ya mavazi, na baada ya pazia

Cherehani kikaguliwe kabla ya wiki ya mwisho: sindano namba 14 kwa pamba na kitenge, 16 kwa kaki na mahameli, na mpya kila baada ya nguo tano au sita. Mishono ya katikati ya miguu na ya makwapani ishonwe mara mbili kwa nyuzi imara. Fanyeni mazoezi mawili yenye mavazi yote, na katika la kwanza msikatishe wimbo hata nguo ikichanika, ili kila mtu ajue inachanika wapi.

Nyuma ya jukwaa tundika kamba, na juu yake nguo zipangwe kwa mfuatano wa maonyesho, wala si kwa majina. Ndani ya shingo ya kila nguo shona kipande cha merikani chenye jina la mwigizaji na namba ya onyesho. Andaa kopo lenye pini za usalama, mkasi mdogo, mpira, na sindano kumi zilizokwisha kutungwa uzi, tano mweusi na tano mweupe, kwa sababu hakuna anayeweza kutunga uzi mikono ikitetemeka. Kila mwigizaji avae fulana yake ya pamba ndani, ifuliwe kila siku, na vazi lenyewe lianikwe tu.

Onyesho likiisha, vazi lisivuliwe na kuingizwa guniani likiwa na jasho. Liangikwe usiku ule ule, lifuliwe kesho yake, likauke kabisa, na vifungo vya chuma viondolewe au vifungwe kwa karatasi visiache kutu. Tia karafuu kavu katika vifuko vidogo vya bafta kati ya nguo ili kufukuza wadudu, na juu ya sanduku ubandike nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha kila nguo, vipimo vyake, na akiba iliyobaki katika mishono yake. Mwaka jana mvulana mrefu kuliko wote tuliowahi kuwa nao alipewa sehemu ya baharia. Tulisoma ukurasa ule, tukateremsha pindo lote la kanzu namba 7, na ikamfika mguuni.